Mama Alisema Nifute Picha

Juni 26, 2025, Mama alinipigia simu. "Wewe, futa hizo picha zote kwa simu yako. Sasa wanasema nyinyi ni magaidi."

Alikuwa amemsikia Waziri wa Usalama wa Ndani, Kipchumba Murkomen, akisema kwamba ya jana yake hayakuwa maandamano bali ugaidi uliojifanya maandamano. Nilicheka. Gaidi wa chupa ya maji na bendera? Halafu nikafuta picha. Zote.

Kumbe hivyo ndivyo hilo neno linavyofanya kazi. Si lazima ushtakiwe, inatosha mama yako aogope. Na kuna vijana ambao hawakupata hata nafasi ya kucheka: walifikishwa kortini kwa Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012, ambayo inaweza kukufunga miaka 30.

Ati kuna waliochoma na kuvunja maduka? Sawa, washtakiwe kwa kuchoma na kuvunja. Kanuni ya Adhabu ina makosa hayo yote. Lakini ukimwita mtu mwizi, watu watauliza ameiba nini. Ukimwita gaidi, hakuna anayeuliza kitu. Jirani anafunga mlango, na dhamana inakuwa ndoto.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sheria hiyo hiyo ilishajibu swali hili. Kifungu cha 2 kinasema kuvuruga huduma kwa ajili ya maandamano au mgomo si ugaidi, mradi nia haikuwa kudhuru watu au kuharibu mali vibaya. Na Katiba, Ibara ya 37, inaturuhusu kuandamana kwa amani bila silaha. Wakubwa wanajua. Wanategemea sisi tusisome.

Lakini tuambiane ukweli: neno hili halikuanzia kwetu. Wakoloni waliwaita Mau Mau magaidi, na marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa 2003 tu, miaka 40 baada ya uhuru. Aprili 2014, wakati wa operesheni ya Usalama Watch, maelfu walikamatwa, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, na wengine wakazuiliwa uwanjani Kasarani. Mwaka uliofuata, baada ya shambulio la Garissa, mashirika ya haki MUHURI na Haki Africa yalitiwa kwenye orodha ya washukiwa wa ugaidi na akaunti zao zikafungwa, hadi korti ilipoamuru zifunguliwe.

Mimi nilikuwa shule ya msingi. Darasani tulikuwa na kijana Msomali, tukimwita "Shabaab". Msako ulipoanza akakosa shule wiki nzima. Tulicheka. Hakuna aliyeuliza ako wapi. Tulifundishwa kutouliza tukiwa watoto, na leo serikali inavuna.

Ugaidi upo. Chuo Kikuu cha Garissa uliua watu 148, wengi wao wanafunzi wa rika letu. Kumpa kijana mwenye bango jina la waliofanya unyama ule ni kuwatukana waliokufa.

Kwa hivyo wakisema tena gaidi, awe ni wa kwenu au wa Eastleigh, wa Majengo au wa Kwale, uliza: amefanya nini, na ushahidi uko wapi?

Mimi nilifuta picha zangu. Kesho nikitoka, nitapiga zingine, na hizo sifuti.