Maua ya Arusi: Hesabuni Watu Kwanza

Mama mmoja anatuuliza. Arusi ya bintiye i karibu, naye ameambiwa anunue maua mjini kwa watu ishirini. Fedha hana. Je, akope?

Asikope. Lakini asipuuze jambo lenyewe, maana ua lina kazi yake. Siku ile kanisani watu ni wengi, na wa upande huu hawawajui wa upande ule. Mwenye ua kifuani hutambulika mara moja kuwa ni wa nyumbani, husalimiwa kwa heshima na kupewa kiti. Basi aliyekosa ua naye hutambulika. Shangazi aliyemlea bibi arusi tangu utoto anakaa nyuma kifua kitupu, na rafiki wa bwana arusi, aliyeshuka basi jana tu, anang'ara kwa waridi! Uchungu wa namna hiyo hautoki upesi, na bibi arusi ndiye atakayeubeba kila aendapo kusalimia.

Kwa hiyo andikeni majina kwanza: wazazi wa pande zote mbili, babu na bibi, wasimamizi, shangazi, mjomba, na yule aliyemlipia mtoto ada ya shule, hata kama si wa damu. Wakiwa wengi, ua liwe dogo. Na wazazi wote wanne wavae ua la namna moja, asije mmoja akaonekana tajiri na mwingine maskini mbele ya altare.

Maua yenyewe mnayo uani. Wenzetu wa Unguja, Mombasa na Lamu wana kikuba, yaani asumini na rehani na mkadi vilivyofungwa pamoja, na harufu yake hupita shada lolote la dukani. Vikonyo vya asumini vichumwe alasiri vikiwa bado vimefumba, vitafumbuka usiku. Walio milimani wana waridi na lili nyeupe. (Waridi za Naivasha hupanda ndege mpaka Ulaya kupamba arusi za huko, sisi tunataka ya plastiki!) Lili iondolewe ule unga wa manjano wa katikati, kwani hutia doa baya katika nguo nyeupe. Bogonvilia hupendeza mlangoni, bali kifuani hunyauka kabla ya Injili. Oleanda, yenye majani marefu membamba, msiwape watoto kamwe: ina sumu kuanzia jani hata ua.

Kateni asubuhi na mapema au jioni, kikonyo kwa mshazari, myaweke kwenye ndoo ya maji kivulini saa kadhaa. Kila kikonyo kifungwe pamba yenye unyevu kidogo, kisha kizungushiwe utepe wa jani la mgomba.

Ua huvaliwa upande wa kushoto. Pini ipite nyuma ya nguo, ishike kikonyo, ncha yake ifichwe. Nyanya atakayempakata mjukuu afungiwe kwa uzi, si kwa pini. Bibi arusi ashike shada lake usawa wa kiuno. Wengi hulinyanyua hadi kidevuni kwa woga, na picha zote zikatoka hazina uso. Kama atalitoa mbele ya sanamu ya Bikira Maria, kama ilivyo desturi mahali pengi, afungiwe jingine dogo la kwenda nalo nyumbani.

Mkifunga ndoa wakati wa Kwaresima, jueni kwamba altare haipambwi kwa maua siku hizo, isipokuwa Dominika ya nne na siku za sherehe na sikukuu. Mwulizeni padre mapema, msije mkabeba ndoo nzima ya maua mkarudi nayo.

Watoto wafungiwe maua yao mwisho kabisa, mlangoni pa kanisa.