Shina la Mgeni, Tawi la Mwenyeji

Watu wa Luano tumezoea kuona wageni wakishuka kutoka angani, maana kiwanja cha ndege cha Lubumbashi kipo hapa kwetu. Lakini kumwona mgeni akipita ni jambo jepesi. Kumpata awe jirani ni jambo jingine. Mfano wetu wa leo twautoa mbali, katika mashamba ya mizabibu ya Ufaransa.

Wapo Wamarekani, mume na mke, ambao hununua nyumba kijijini huko wakitumaini kukaa kivulini na kunywa divai. Muda si muda hujifunza mengine. Mzabibu hukatwa matawi wakati wa baridi, siku baada ya siku, mtu ameinama. Jalidi ya Aprili yaweza kuua machipukizi kwa usiku mmoja. Aingiaye dukani bila kumsalimu mwenye duka huhesabiwa hana adabu, ajapokuwa na fedha nyingi. Basi wale wawili huanza upya kama watoto: salamu, lugha, majina ya majirani. Kuuliza si ujinga.

Wenyeji nao wana la kukumbuka. Katika miaka ya 1860 miche iliyotoka Marekani ilileta Ufaransa kidudu kidogo mno, filoksera, kinachofyonza mizizi. Mwaka 1868 mtaalamu Planchon wa Montpellier na wenzake walikigundua. Mwaka 1875 nchi ile ilitoa divai hektolita zaidi ya milioni 80. Mwaka 1889 ilitoa kama milioni 23 tu. Jamaa nyingi zikafilisika.

Na dawa ilitoka wapi? Kulekule Marekani. Mizabibu ya huko ilikuwa imezoeana na kidudu hicho, wala mizizi yake haikufa. Wakulima wakatwaa shina la Kimarekani, wakapandikiza juu yake tawi la Kifaransa, wakalifunga hata vidonda viwili vikawa kovu moja. Mpaka leo sehemu kubwa ya mizabibu ya Ufaransa yasimama juu ya mizizi ya asili ya kigeni, na zabibu zake ni zilezile za kale.

Afrika nayo imeona jambo kama hilo. Huko Dodoma, Tanzania, mapadre Wapasionisti kutoka Italia walipanda mizabibu katika misioni ya Bihawana miaka ya 1950. Leo Wagogo wenyewe ni wakulima wa zabibu, nao huvuna mara mbili kwa mwaka.

Nasi je? Mji wetu ulianza mwaka 1910, na waliofanya kazi migodini na katika reli walitoka pande nyingi: Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda. Lakini miaka ya 1992 na 1993 maelfu na maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika Katanga. Watoto waliozaliwa hapa waliambiwa warudi kwao. Wengi walilala kwenye vituo vya reli, Likasi na Kolwezi, wakingoja gari-moshi. Wengine walikufa wakingoja. Walikuwamo Wakristo kati ya waliofukuzwa, na kati ya waliofukuza. Mtume Paulo alikuwa amekwisha kuwaonya Warumi ya kwamba tawi lililopandikizwa lisijivune, maana si lenyewe lichukualo shina, bali shina ndilo lilichukualo. Twaweza kuongeza: na shina lisilitupe tawi.

Ubaya ule haukuanzia barabarani. Ulianzia nyumbani, wakati wa kula. Baba akimtaja jirani kwa kabila lake badala ya jina lake, mtoto amekwisha kufundishwa. Mama akimkopesha chumvi mke wa mgeni, mtoto amefundishwa vilevile.

Ninyi mliohamia Luano karibuni, salimuni kwanza, ulizeni desturi, msidharau. Ninyi wenyeji, toeni kiti kabla ya kuuliza asili. Na Jumapili hii, padri ainuapo kalisi, kumbukeni kwamba huenda divai iliyomo ni zao la nchi mbili zilizoungana katika mti mmoja. Kisha, Misa ikiisha, jamaa iliyohamia karibu nanyi mwaka huu isirudi nyumbani kabla hamjaijua kwa majina.