Wenye hoteli wa Kendwa, wapeni wazazi nafasi ya kunyonyesha
Sheria ya Ajira ya Zanzibar, namba 11 ya mwaka 2005, inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 90 yenye malipo. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto anyonye ziwa la mama tu, bila maji wala uji, kwa miezi 6. Hesabu hizo mbili zimepishana miezi 3, na ndani ya miezi hiyo mama wa Kendwa amesharudi hotelini kutandika vitanda, kufua mashuka na kukata mboga, mwanawe kamwacha kwa bibi.

Bibi anafanya analoliweza. Mtoto akilia humpa maji, kisha uji mwepesi, kisha maziwa ya kopo yaliyozimuliwa ili yafike mwisho wa mwezi. Hapo ndipo kuharisha kunapopata njia, maana kichanga aliyekuwa akipata maziwa safi yenye kinga sasa anakunywa maji ya ndoo. Ziwa nalo lisiponyonywa wala kukamuliwa mchana kutwa hupunguza kutoa. Mwisho mama anaambiwa hana maziwa, kama kwamba kataka mwenyewe. Lawama hiyo naiona dhuluma, kwani kilicholikausha ziwa ni ratiba ya zamu.

Wazee wetu walimwekea mzazi arobaini, na Qurani imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha. Jirani zetu nao wameshatunga sheria: Tanzania Bara, sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama hadi saa 2 za kunyonyesha kwa siku, ndani ya muda wa kazi, na Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea.

Wenye hoteli wa Kendwa na Nungwi, friji mnazo na vyumba mnavyo. Mtengeeni mama chumba kidogo chenye mlango wa kufunga, kiti, mahali pa kunawa mikono na nafasi ndani ya friji. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kwenye friji hadi siku 4. Nje, kwa joto letu hili, ni saa chache tu. Anayekaa kijijini mruhusuni aende akanyonyeshe arudi, au mtoto aletwe hadi langoni. Anayekuja kwa daladala kutoka mbali msimpange zamu ya usiku. Na kibarua wa msimu, ambaye mara nyingi husahauliwa, naye ni mzazi kama wengine; mkataba mfupi usiwe sababu ya kumnyima.

Kina baba, mama akiwa kazini, shikeni nyinyi kikombe mumnyweshe mtoto maziwa yaliyokamuliwa. Na mwenye umeneja kati yenu asimkate mshahara mfanyakazi aliyempeleka mtoto kliniki kuchanjwa.

Nanyi kina mama, msione haya kuomba. Nendeni wawili watatu pamoja, kabla likizo haijaisha. Waajiri, waitikieni: ratiba ya mwezi ujao iko mikononi mwenu.