Umeme wa Shilingi 100: Pengo Analipa Nani?



Nipo hapa Frogtown, Saint Paul. Juzi nimetoka kubeba boksi usiku wa manane, baridi inakata masikio, nikakuta ujumbe wa shangazi kutoka kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria: "Mwanangu, nguzo ziliishia kwa jirani. Sisi bado koroboi." Nguzo hizo si za TANESCO, ni za mtambo mdogo wa jua unaohudumia kijiji.

Mitambo ya namna hii imeletwa kwa sababu kuvusha waya wa gridi hadi kila kisiwa ni ghali mno. Mwaka 2016 kampuni ya JUMEME iliwasha wa Bwisya, kisiwani Ukara. Mwanga ukaja, lakini bei ya uniti ilikuwa mara nyingi ya ile ya TANESCO. Watu wakalalamika, na walikuwa na haki. Kwa nini mvuvi wa Ukara alipe kuliko mkazi wa Masaki? Mwaka 2020 serikali ikaagiza mitambo midogo nayo itoze shilingi 100 kwa uniti.

Waungwana, hapo ndipo penye hoja yangu. TANESCO inaimudu bei hiyo kijijini kwa sababu wateja wa mjini na viwandani wanabeba sehemu ya gharama, na njia nyingi za vijijini zimejengwa kwa fedha za umma kupitia REA. Mwenye mtambo wa kisiwani hana mteja wa Masaki wa kumbeba. Ukimwagiza auze chini ya gharama bila kusema pengo litajazwa na nani, hatazima taa kesho. Ataacha tu kuongeza nguzo. Aliyekwisha unganishwa atashangilia, na shangazi yangu atabaki na koroboi.

Wamarekani walipita njia hii. Mwaka 1935 Rais Roosevelt aliunda wakala wa umeme vijijini, nao ukiitwa REA kama wetu. Wakati huo shamba 1 tu kati ya 10 lilikuwa na umeme, maana kampuni binafsi ziliona mkulima hana faida. Serikali haikuishia kutoa amri. Ilivikopesha vyama vya ushirika vya wakulima kwa riba nafuu, na sheria ya 1936 ikawapa hadi miaka 25 ya kulipa. Kufikia katikati ya miaka ya 1950, zaidi ya mashamba 9 kati ya 10 yalikuwa na umeme. Leo Minnesota ina zaidi ya vyama 40 vya aina hiyo, na mteja ni mwanachama mwenye kura.

Najua mtasema ushirika kwetu uliliwa na wajanja. Sikatai. Lakini nendeni Mawengi, Ludewa, mkaone mtambo wa maji wa kilowati 300 chini ya LUMAMA, chombo cha watumiaji wenyewe.

Bei ya 100 ibaki. Ila ruzuku iifuate mpaka kisiwani, na wanakijiji wapewe mkopo wa muda mrefu wamiliki mitambo yao. Nasi wabeba boksi, kila mmoja anamnunulia mama yake paneli moja, tunadhani tumemaliza kazi. Tumuulize mbunge: pengo hilo liko kwenye bajeti ipi?

Naomba kutoa hoja.