Paa Nalo Lifanye Kazi



Huenda umewahi kwenda Dar es Salaam kwa shauri la karatasi, labda mirathi ya marehemu baba aliyefanya kazi huko. Umesafiri kwa basi usiku kucha, umefika, umepanga foleni katika jengo la zamani la ghorofa tatu katikati ya mji. Saa nne umeme unakatika. Karani anakutazama, nawe unamtazama. "Mzee, rudi kesho." Kwake kesho ni neno jepesi, bali kwako kesho ni nauli, ni chakula, ni mahali pa kulala. Na huku jua linawaka juu ya paa la jengo lile lile, wala hapana anayelitumia.

Paa kufanya kazi si jambo geni mjini humo. Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, lilichorwa na Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli. Alilipa paa lenye umbo la faneli kubwa, lipate kukinga maji ya mvua. Kama paa laweza kukinga mvua, mbona lisikinge jua?

Wengi hudhani kwamba jengo la zamani haliwezi kupokea umeme wa jua mpaka libomolewe na kujengwa upya. Tena wana sababu ya kuogopa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20. Tangu siku ile, mtu akisikia jengo kuukuu litaongezewa kitu, huuliza: litastahimili? Swali hilo ni la busara, nalo yafaa lijibiwe kwa hesabu.

Paneli moja ya kawaida, urefu wake kama mita 2 na upana wake kama mita 1, ina kilo 20 hadi 25. Hiyo ni robo ya gunia la mahindi. Sasa tazama tangi la maji la lita 1,000, ambalo liko juu ya mapaa mengi ya mjini. Likijaa, maji yake peke yake ni kilo 1,000, tena mahali pamoja. Kumbe uzito wa paneli si adui mkubwa. Adui ni upepo, unaoingia chini yake na kuiinua kama bati lililolegea. Kwa hiyo juu ya paa la bati fundi hufunga reli mpaka kwenye mbao za kenchi, wala si kwenye bati tupu, na kila tundu huzibwa kwa raba. Juu ya paa bapa la zege si lazima kutoboa. Fremu hukandamizwa kwa matofali ya zege. Lakini matofali hayo yaweza kuwa mazito kuliko paneli zenyewe, ndiyo maana mhandisi hana budi kupima jengo kwanza. Paa la asbesto lisitobolewe kamwe, kwa kuwa vumbi lake huharibu mapafu.

Kisha fundi atazame kivuli. Kariakoo ya leo ina majengo marefu, na kivuli kikiangukia paneli moja chaweza kupunguza umeme wa safu nzima. Apande juu asubuhi, adhuhuri na alasiri, aone kwa macho yake.

Ofisi ina bahati moja: kazi yake ni ya mchana, na jua ni la mchana. Jua kali la adhuhuri humwaga kama wati 1,000 juu ya kila mita moja ya mraba, na paneli hugeuza sehemu moja katika tano kuwa umeme. Basi paneli 10 zaweza kutoa karibu wati 4,000 saa hiyo, nazo zatosha taa, feni na kompyuta za ofisi ndogo. Viyoyozi na lifti waachiwe TANESCO.

Lakini hapa ndipo wengi wanapopotea. Umeme wa jua hupita katika chombo kiitwacho inveta, ili ufanane na ule wa TANESCO. Inveta iliyounganishwa na TANESCO bila betri huzimika yenyewe umeme unapokatika, isije ikampelekea umeme fundi aliye juu ya nguzo na kumwua. Mwenye jengo hutumia fedha nyingi, kisha hukaa gizani jua likiwaka! Anayetaka kazi iendelee anunue inveta inayoweza kujitenga na waya wa TANESCO, pamoja na betri za kiasi, na nyaya za taa na kompyuta azitenge na zile za viyoyozi. Kwa kufanya hivyo tu, yule karani angemaliza shauri lako siku ile ile.

Na nyaya zenyewe zikaguliwe. Soko Kuu nililolitaja liliungua Julai 2021. Sisemi kwamba nyaya ndizo zilizoleta moto ule. Nasema kwamba aliyeona soko likiungua hapaswi kuunganisha chombo kipya na nyaya kuukuu zilizochunika.

Utasema, "Hayo ni ya mjini." Sivyo, ndugu yangu. Kijijini kwako iko shule, na pengine zahanati, yenye mabati ya miaka mingi. Kabla kamati haijachangisha hata shilingi moja, ulizeni maneno manne: Kenchi ni nzima, au imeliwa na mchwa? Mwembe wa jirani unatia kivuli saa ngapi? Umeme utatumika mchana au usiku? Na betri zikichoka, fedha ya kununua nyingine iko wapi? Shule ya kutwa yaweza kuanza na betri chache. Zahanati haiwezi, maana mama hachagui saa ya kujifungua.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi wiki hii mtumeni kijana mwenye macho mazuri apande darini akague mbao moja moja. Akirudi na habari, ndipo mwite fundi wa jua.