Mafundisho ya ndoa yasiishie siku ya harusi

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia malaria, minyoo na maji ya kuchemsha. Mwezi huu tunazungumzia kipigo, maana nacho ni ugonjwa wa nyumbani. Kinavunja mifupa, kinaharibu mimba, na mama anayemwogopa mumewe hathubutu kumwambia waende wakapime virusi vya UKIMWI.

Huku Karagwe na Kyerwa twaujua msimu wake. Kahawa ikishauzwa, fedha ziko mfukoni mwa baba, lubisi inafuata, na mke anayeuliza habari za sare za shule anajibiwa kwa ngumi. Anakimbilia kwao, wazee wanakaa, anarudishwa. Je, hapo nani ameponywa?

Wenzetu ng'ambo ya Mto Kagera, nchini Rwanda, walijaribu njia iitwayo Bandebereho. Akina baba wa miaka 21 hadi 35, wenye watoto wadogo au wanaotarajia mtoto, walikutana mara 15. Wake zao waliungana nao katika vikao 8. Mwongozaji alikuwa baba mwenzao wa hapo hapo. Walizungumza malezi, uzazi, maamuzi ya nyumba na namna ya kugombana bila kupigana. Baada ya miezi 21, wanawake 33 katika kila 100 walisema wamepigwa katika mwaka uliopita. Mahali pasipokuwa na vikao, 57. Thelathini na watatu bado ni wengi mno! Lakini walipofuatwa tena baada ya miaka 6, tofauti ilikuwa ingalipo.

Mwanza, vikao 10 vya MAISHA viliwaita wanawake peke yao. Kwa wale wa vikundi vya mikopo kipigo kilipungua kiasi. Kwa wasio na mikopo hakikupungua. Sisi twaona akina mama wamefundishwa vya kutosha. Anayekosekana kwenye benchi ni baba.

Basi parokia ziwaite wenye ndoa changa, wote wawili, kabla ya msimu wa kahawa, Jumapili mchana, vilabu havijajaa. Ila mama ambaye maisha yake yamo hatarini asiitwe huko kupatanishwa. Huyo apelekwe hospitali, na polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, apate na fomu ya PF3.