Nchi ya Plastiki na Maneno ya Watu

Mwaka 2001 kampuni ya LEGO, wale Wadenmark wa matofali ya plastiki, waliamua kuumba nchi. Kisiwa kizima. Wakakipa jina Mata Nui, wakakiwekea vijiji, wazee, mashujaa sita, adui anayeishi gizani, barakoa zenye nguvu na hadithi ya jinsi dunia yao ilivyoanza. Mradi wote ukaitwa Bionicle. Watoto wa Ulaya na Marekani waliupenda hasa. Ulidumu mpaka 2010, ukafufuliwa 2015, ukazikwa tena 2016.

Sasa wewe msomaji wangu unajiuliza, midoli inatuhusu nini sisi watu wazima wenye kodi za nyumba? Subiri kidogo.

Mashujaa wa kisiwa hicho waliitwa Toa. Kwa Kimaori, toa ni shujaa, mtu wa vita. Shujaa wa mawe aliitwa Pohatu, na neno hilo kwa Kimaori ni jiwe. Wa barafu akaitwa Kopaka, ambayo ni barafu hiyo hiyo. Barakoa ziliitwa Kanohi, yaani uso. Mzee wa kijiji cha udongo aliitwa Whenua, yaani ardhi. Adui mkuu akaitwa Makuta, jina linalofanana mno na mākutu, neno la Kimaori la uchawi. (Ndugu zetu wa Kongo wangecheka hapo. Enzi za Mobutu, makuta zilikuwa chenji za mfukoni.) Kwa kifupi, mtu alikaa na kamusi ya watu wengine, akachota.

Wanakijiji wa kawaida, wale vibwengo wadogo wanaokimbiakimbia kusubiri kuokolewa na mashujaa, waliitwa Tohunga. Wakatolewa hata kama zawadi kwenye milo ya watoto ya McDonald's. Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Tohunga si mwanakijiji. Tohunga ni mtu aliyebobea katika elimu fulani mpaka jamii ikamtambua. Anaweza kuwa mchongaji, mjenzi wa mitumbwi, mjuzi wa nyota, mtabibu, mtunza nasaba, au kuhani anayesimamia mambo yaliyo tapu, yaani yenye miiko na utakatifu. Kiswahili hakina neno moja la kumtosha. Changanya fundi mkuu, mganga na shehe, ndipo utakapoanza kumkaribia.

Mwaka 1907 Bunge la Nyuzilandi lilipitisha sheria ya kumzima mtu huyo. Ndiyo, sheria yenye jina lake kabisa, ya kuwakomesha tohunga. Ilimlenga yeyote anayewakusanya Wamaori na kudai ana uwezo usio wa kawaida wa kutibu au kutabiri. Mambo hayakuwa meupe na meusi, kwa sababu hata baadhi ya wabunge wa Kimaori waliiunga mkono. Maradhi yalikuwa yanawamaliza watu wao na walitaka hospitali. Naelewa. Hata hivyo, sheria ile ilibaki vitabuni mpaka 1962. Miaka 55. Msomaji wa Kenya asicheke sana, maana Sheria ya Uchawi waliyoachiwa na Waingereza ni ya 1925.

Tupange sasa. Kwanza unamfanyia mwenye elimu ya kimila sheria ya kumkomesha. Watoto wake wanachapwa shuleni kwa kuongea lugha yao. Lugha inadhoofika mpaka mwaka 1982 wanaanzisha shule za chekechea za Kimaori ili bibi na babu wawafundishe wajukuu moja kwa moja, na mwaka 1987 ndipo inatambuliwa kuwa lugha rasmi. Halafu mwaka 2001, watu wanapoanza kupumua, jina la yule mwenye elimu linarudi madukani likiwa limebandikwa kwenye kidoli cha zawadi. Mtoto wa Kimaori akitafuta neno tohunga kwenye intaneti, anakutana na plastiki kabla hajakutana na babu yake.

Wamaori hawakukaa kimya. Mwanasheria Maui Solomon aliandika barua kwa niaba ya makundi kadhaa. Jibu la kwanza la kampuni lilikuwa lile tunalolijua sote: hatujavunja sheria yoyote. Na kweli hawakuvunja. Sheria za hakimiliki za dunia hii zinamlinda mtu mmoja au kampuni moja iliyotunga kitu jana, hazijui la kufanya na jamii iliyotunga kitu miaka mia saba iliyopita. Lakini baadaye mwaka ule ule mwakilishi wa kampuni alikwenda Nyuzilandi kuzungumza nao, na LEGO ikakubali kuachana na mtindo huo kwa bidhaa zijazo. Tohunga wakawa Matoran. Baadhi ya majina yakabadilishwa herufi. Mengine, kama Toa na Kanohi, yakabaki.

Wapo wanaosema maneno ni ya wote. Nawasikia. Ila kampuni hii hii ilipambana mahakamani na washindani wake kuhusu umbo la tofali lenye vichuguu juu, ikafika mpaka Mahakama ya Juu ya Kanada, ikashindwa mwaka 2005. Tofali lina mwenyewe, neno la kuhani halina mwenyewe? Jamani!

Msinielewe vibaya, sisemi watu waache kubuni nchi. Nchi za kubuni ni tamu, na hakuna anayebuni kutoka hewani. Wala sisemi kila neno liwekewe uzio. Sisi wenyewe tumeazimwa sana. Mchezo wa Jenga, ule wa vipande vya mbao uliozinduliwa London mwaka 1983, umebeba kitenzi chetu duniani kote na sijamwona fundi mwashi aliyelalamika. "Hakuna matata" ilinikera zaidi. Disney waliiombea alama ya biashara mwaka 1994, wakasajiliwa Marekani mwaka 2003, na kelele zikalipuka mwaka 2018 wengi walipogundua. Lakini tuwe wakweli, hakuna mtu Kariakoo anayesema hakuna matata, labda akiwa anamuuzia mtalii kinyago. Kiswahili kina mamilioni ya wasemaji, redio, magazeti, bunge. Ukikichota kikombe bahari haistuki. Kimaori kilikuwa kisima kinachochimbuliwa upya kwa mikono. Kikombe kile kile, uzito tofauti.

Na njia ipo, wenyewe wameshaionyesha. Sheria ya alama za biashara ya Nyuzilandi ya mwaka 2002 iliunda kamati ya Wamaori ya kushauri alama inapoonekana kugusa mambo yao. Mwaka 2014 wakapitisha sheria kuhusu haka ya Ka Mate, ile inayochezwa na timu ya raga ya All Blacks. Sheria hiyo inataka anayeitumia kibiashara ataje kwamba ilitungwa na Te Rauparaha, chifu wa Ngāti Toa. Haidai fedha. Kutaja jina tu. Na mwaka 2017 Disney hao hao walitoa filamu ya Moana kwa Kimaori, mwaka mmoja baada ya kuliondoa sokoni vazi la watoto la Maui, lenye ngozi ya kahawia na michoro ya mwilini, kwa sababu watu walikasirika. Kumbe wakiambiwa wanasikia.

Sasa nije kwetu, maana ndiko ninakoelekea tangu mwanzo. Vijana wa Dar na Nairobi wanatengeneza katuni, michezo ya simu na riwaya zenye falme za kubuni za Kiafrika. Napenda mno. Lakini jiulize majina ya falme hizo yanatoka wapi. Mtunzi mtoto wa mjini, hajawahi kukanyaga Mtwara wala Newala, anaichukua barakoa ya mapiko ya Wamakonde, kitu cha jando chenye siri zake na watu wake, anaigeuza zimwi la hatua ya tatu. Anachukua vidokezi vya lugha ya Wahadzabe, watu wasiozidi maelfu machache, anawapa majini wake waongee hivyo kwa sababu "inasikika kizamani". Ukimuuliza, jibu lake ni lile lile la Denmark, kwamba hajavunja sheria. Na kwa kuwa yeye ni Mwafrika anaona hawezi kuwa mporaji.

Wewe unayechora hiyo katuni sasa hivi, nauli ya basi mpaka Newala unaijua. Mhadzabe uliyemuuliza kabla ya kuchora ni nani?